Kitanda Kwanza, Tiketi Baadaye



Jumapili iliyopita, watu walipokwisha kutawanyika, vijana watatu walinijia ofisini. Nilidhani wanataka vyeti vya ubatizo, nikanyoosha mkono kukichukua kitabu. Kumbe sivyo. Walikaa kwenye benchi, wakavua kofia, kisha mkubwa wao akasema: "Karani, tumedunduliza fedha tangu mavuno. Safari hii twataka kwenda Dar es Salaam kuiona Simba Day kwa macho yetu, si kwa redio. Tuambie njia ya kufika uwanjani."

Nikawauliza: "Na mtalala wapi?"

Wakatazamana. Yule mdogo akajibu bila wasiwasi: "Kwa ndugu, Karani. Mjini nani hana ndugu?"

Nilicheka, walakini moyoni nilichomwa. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2018, nayo yalinivunjia heshima mbele ya dada yangu. Basi juma hili nimeona afadhali niwajibu vijana wale hapa gazetini, ili wasikie na wenzao wa vijiji vingine, na wazazi wao pia, maana mara nyingi mzazi ndiye atoaye nauli.

Kwa wazee wasioyafuata mambo haya, nieleze kwanza. Klabu zetu mbili kubwa za mpira, Yanga iliyoanzishwa 1935 na Simba iliyoanzishwa 1936, zote zina makao yao Kariakoo. Kila mwaka, kabla ya ligi kuanza, kila moja huwaita wapenzi wake toka nchi nzima kwa siku ya furaha. Simba ilianza siku yake mwaka 2009, nayo ilikuwa ikifanyika tarehe 8 Agosti, siku ya Nane Nane. Yanga ilianza Wiki ya Mwananchi mwaka 2019. Watu huingia uwanjani tangu mchana, huimbiwa nyimbo, huonyeshwa wachezaji wapya mmoja mmoja, na jioni huchezwa mpira na timu ya nchi nyingine. Uwanja ni ule wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 kwa jina la Uwanja wa Taifa, wenye nafasi ya watu 60,000. Uko wilaya ya Temeke, jirani na Chang'ombe, kando ya Uwanja wa Uhuru, pale bendera yetu ilipopandishwa mwaka 1961.

Watu 60,000, ndugu zangu! Wengi wao ni wenyeji wa Dar es Salaam. Lakini maelfu hutoka mbali, na kila mmoja wao lazima aweke kichwa chake mahali fulani usiku ule. Hapo ndipo penye shida.

Sasa nisikilizeni habari yangu ya 2018. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, kazi sijapata, na vijana wa kijiji walinihesabu mtu wa kujua mambo. Tulikuwa watano. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa akikaa Tandika, huko huko Temeke. Sikumpigia simu. Nilijiambia: "Dada ni dada, atafurahi kutuona." Tulishuka Ubungo, maana siku zile mabasi ya mikoani yalikuwa yakiishia pale, usiku umekwisha kuingia. Tulifika kwake saa nne za usiku, watu watano, na mifuko mitano, mikono mitupu.

Dada alifungua mlango. Akatuangalia, akahesabu kwa macho, kisha akasema, "Karibuni wageni." Hakusema neno jingine.

Sisi wa kijijini tukisikia "ndugu yangu ana nyumba mjini" twafikiri nyumba kama zetu, yenye ua, na miembe, na mahali pa kutandika mkeka. Dada alikuwa na chumba na sebule katika nyumba ya wapangaji wengi. Kodi walilipa ya miezi sita kwa mkupuo, nao walikuwa wamelipa juma lile lile. Maji walinunua kwa ndoo. Choo kimoja, familia sita. Katika vyumba viwili hivyo waliishi yeye, shemeji na watoto watatu.

Usiku ule sisi tulilala sebuleni. Binti yao mkubwa, aliyekuwa darasa la saba na mtihani wake wa mwisho ulikuwa mwezi uliofuata, alipelekwa kulala kwa jirani. Madaftari yake yalibaki juu ya meza, na mimi, mwalimu mzima mwenye cheti, niliweka kofia yangu juu yake wala sikuwaza.

Kesho yake tulikwenda uwanjani. Simba ilicheza na Asante Kotoko ya Ghana. Sina maneno ya kuwaeleza furaha ile. Koo lilinikauka siku mbili. Lakini wakati wa kutoka, katika msongamano wa milangoni, tulimpoteza mwenzetu mdogo kuliko wote. Simu yake ilikuwa imezimika. Mtaa wa dada hakuujua jina, namba ya nyumba hakuijua. Alichokijua ni hiki tu: "Tandika, karibu na msikiti." Basi ninyi mnaoijua Tandika niambieni, misikiti ni mingapi?

Tulirudi nyumbani saa tano za usiku bila yeye. Shemeji alikuwa amelala. Kazi yake ilikuwa kuamka saa tisa za usiku, kwenda Feri kununua samaki, na kurudi kuwakaanga auze. Dada akamwamsha. Alivaa viatu, akachukua tochi, akatoka nasi. Tulizunguka hadi saa nane. Tulimkuta kijana wetu kituo cha daladala cha Tandika, amekaa kando ya mama mmoja muuza chai aliyekataa kufunga biashara yake mpaka mtoto apate watu wake. Mungu ambariki mama yule, sikumwuliza hata jina.

Shemeji alijilaza akasema atapumzika kidogo tu. Alipoamka jua limekwisha kuchomoza. Siku ile hakwenda Feri. Na asubuhi ile ile dada alitupikia chai na chapati watu watano, kwa fedha ambayo ingekuwa mtaji wa samaki. Tulikula, tukashukuru, tukapanda basi.

Haya yote sikuyajua siku ile. Nilidhani tumekaribishwa vizuri. Niliyajua miaka miwili baadaye, mama yangu alipougua akaandikiwa kwenda Muhimbili. Nilimpigia dada simu kumwomba ampokee. Akajibu: "Mama mdogo aje hata usiku wa leo, kitanda chake kipo. Lakini wewe, ndugu yangu, siku nyingine ukija nijulishe." Kisha akanieleza pole pole, bila kugomba, habari ya samaki, na ya ndoo za maji, na ya binti yake. Afadhali angenigombeza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikwenda, mwenyeji akaugua.

Basi vijana wangu, jibu langu kwenu ni hili: kabla ya kununua tiketi ya uwanja, kabla ya jezi, tafuteni kitanda. Msipokuwa na kitanda, hamna safari. Na vitanda ni vya namna tatu.

Cha kwanza ni cha ndugu. Sisemi msiende kwa ndugu. Undugu ni kufaana. Nasema mjulisheni majuma mawili kabla, si siku mbili. Mwambieni mko wangapi na mtakaa siku ngapi, kisha mnyamaze mumsikilize. Akisita, sauti yake ni jibu tosha. Msimlazimishe kutamka "hapana", maana ni neno gumu kwa ndugu. Akisema njooni, basi asiende zaidi ya mmoja au wawili, nanyi mchukue kitu: mchele, maharage, kuku, hata mkungu wa ndizi. Mkifika, toeni fedha ya maji na ya umeme bila kungoja kuombwa. Mjini maji yana bei na umeme una bei, hata usingizi una bei. Na ile methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu haifai mjini, kwa kuwa huko hakuna shamba la kukupa ulime. Siku mbili zatosha, ya tatu uwe njiani.

Cha pili ni cha gesti. Temeke, Chang'ombe, Keko, Mtoni, Tandika, kote huko zipo nyumba za wageni, ndogo na za kadiri. Kadhalika Kinondoni, Magomeni na Mwananyamala. Wengi hukimbilia upande wa Kinondoni kwa kuwa wamesikia jina lake, na hapana shaka ni mahali penye watu na muziki. Lakini tazameni: mpira ukiisha usiku, mtu aliyelala Chang'ombe au Temeke hurudi kwa miguu pamoja na umati, njia imejaa watu na mama lishe. Aliyelala Kinondoni sharti avuke mji, abadili gari Kariakoo, naye anashindana na maelfu wanaotaka magari yale yale. Akiona bei ya chumba ni nafuu, nauli ya bajaji ya usiku itamla nafuu yake yote. Kwa hiyo kama mwendako ni uwanjani, laleni Temeke. Kinondoni mwende mchana kutembea.

Mkiingia gesti, ulizeni mambo haya kabla ya kutoa fedha. Bei ni ya kulala mpaka asubuhi, au ni ya saa chache? Maana ziko nyumba ambazo biashara yake ni ya saa chache, na kijana mwenye adabu hapaswi kujikuta humo. Mtu hutakiwa kutoka saa ngapi asubuhi? Kitasa chafunga? Chandarua kipo, hakina matundu? Maji yanatoka? Dirisha laelekea wapi? Likielekea baa, hamtalala. Mtaandikwa katika kitabu cha wageni, basi kila mmoja awe na kitambulisho chake. Na jambo moja huwashangaza sana watu wa vijijini: gesti nyingi haziruhusu wanaume wawili kulala chumba kimoja, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja. Msipige hesabu ya kujazana wanne chumba kimoja ili mgawane bei. Mtafukuzwa saa tano za usiku, nanyi mtakuwa mmechelewa kupata kwingine.

Mwaka 2024 Simba walifanya siku yao Jumamosi tarehe 3 Agosti, na Yanga Jumapili tarehe 4, uwanja ule ule. Fikirini jinsi vyumba vilivyogombewa mwisho wa juma lile. Kwa hiyo pigeni simu mapema, na mkiweza tumeni sehemu ya fedha mkatumiwa risiti ya maneno. Ila msimtumie mtu msiyemjua, aliyejitangaza mwenyewe katika simu kwamba ana vyumba. Mtumeni kwanza mtu wa pale aione nyumba kwa macho. Hapa ndugu wa mjini atawafaa sana: kwenda kuangalia gesti ni msaada mdogo asioweza kuukataa, nao haumwondolei binti yake kitandani.

Cha tatu ni cha nyumba za wageni za taasisi, nazo ni za makanisa na za vyuo. Ilala kuna Kituo cha Msimbazi, cha Jimbo Kuu la Dar es Salaam. Kurasini, ambako ni wilaya hiyo hiyo ya Temeke, Baraza la Maaskofu lina kituo chake. Nyumba za namna hii ni tulivu, na lango hufungwa usiku. Kwa kundi lenye wasichana, au kwa mzazi aendaye na watoto, mimi nasema anzeni kuuliza huko. Walakini huwa na semina na mikutano, nazo hujaa. Ulizeni pia mapema saa ya kufunga lango, maana mpira hauna saa ya Malaika wa Bwana.

Sasa tuje kwenye njia. Kwanza thibitisheni tarehe. Zamani tulijua ni Nane Nane, basi. Siku hizi husogea. Mwaka 2025 ilisogezwa hadi Septemba, kwa kuwa Agosti nchi yetu pamoja na Kenya na Uganda ilikuwa na mashindano ya CHAN. Yuko mtu atakayekata tiketi ya basi kwa mazoea, afike mjini akute uwanja mtupu.

Mabasi ya mikoani hayaishii Ubungo tena. Tangu Februari 2021 kituo ni cha Magufuli, Mbezi Luis, mbali na mjini, kilomita ishirini na ushei. Watokao Lindi na Mtwara hupita Mbagala, nao wamekwisha kuwa Temeke tayari. Hawana haja ya kwenda Mbezi kisha kurudi. Watokao Dodoma na Morogoro wanayo treni ya umeme. Ilianza kubeba watu Juni 2024 toka Dar es Salaam hadi Morogoro, na Julai mwaka ule ule hadi Dodoma. Wazee wangu bado huiita gari moshi, ingawa moshi haina hata kidogo. Toka Morogoro ni kama saa mbili tu, nayo huwashusha katikati ya mji, karibu na Kariakoo. Tiketi yake hukatwa kabla, kwa kitambulisho.

Kwa vyovyote vile, fikeni mchana. Hili nalisema kwa nguvu. Mtu aliyefika mchana huona njia, husoma vibao, humwuliza mwenye duka. Aliyefika usiku humwamini amjiaye wa kwanza, na amjiaye wa kwanza kituoni si mara zote mtu mwema. Mizigo yenu ibebeni wenyewe.

Toka Mbezi kwenda Temeke, ulizeni daladala ipitayo Barabara ya Mandela. Mtapita Ubungo, Tabata, Buguruni, kisha mtaona daraja la juu la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa 2018. Mkiliona, jueni mnakaribia, jiandaeni kushuka mbele. Daladala huandikwa mbele yake itokako na iendako, na rangi ya mstari wake ni ya njia yake. Someni wenyewe, kisha mwulizeni konda, kisha mwulizeni abiria. Kuuliza si ujinga. Nauli ya safari fupi, isiyozidi kilomita kumi, ilipandishwa Desemba 2023 toka shilingi 500 hadi 600. Kuweni na fedha ndogo ndogo, msitoe noti ya elfu kumi mbele ya watu. Simu na fedha viwe mfuko wa mbele. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016 katika Barabara ya Morogoro, ni ya haraka pale yanapofanya kazi, lakini huduma yake hubadilika. Ulizeni asubuhi ile ile.

Bajaji na bodaboda patana nao bei kabla ya kupanda, tena kwa shilingi, si kwa "tutaelewana". Bodaboda asiye na kofia ngumu ya kukupa wewe, mwache aende.

Na uwanjani? Tiketi za uwanja ule siku hizi huwekwa katika kadi, ile iitwayo N-Card. Ipateni mapema, msingoje siku ya mchezo ndipo muanze kuitafuta nje ya geti. Msinunue tiketi kwa mtu wa njiani. Ingieni mapema, mle kwanza. Kabla ya kuingia chagueni mahali pa kukutania mkipotezana, mahali pasipohama: nguzo, kituo cha daladala, duka la dawa. Usiseme "tukutane kwenye lile gari la samawati", gari litaondoka. Mpira ukiisha, ketini. Waacheni wenye haraka wasukumane milangoni. Robo saa mkikaa vitini, mtatoka kama watu waungwana.

Kisha kila mmoja awe na karatasi. Naam, karatasi, si simu, maana simu huzimika. Iandikwe jina la mwenyeji au la gesti, mtaa, namba ya nyumba, na namba mbili za simu. Tangu kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina namba na mitaa ina vibao. Hakuna tena sababu ya kusema "karibu na msikiti".

Nauli ya kurudi ifungeni mbali na fedha nyingine, tangu siku ya kutoka nyumbani, wala msiiguse hata kama timu imeshinda mabao kumi. Tena ikishinda ndiyo hatari zaidi.

Wazazi, neno moja kwenu. Msiwakataze tu. Mji wa Dar es Salaam, kwa sensa ya 2022, una watu 5,383,728. Watoto wetu watauendea siku moja, kwa kazi, kwa shule au kwa ugonjwa. Afadhali wajifunze kuuingia kwa siku ya furaha, wakiwa na kundi na karatasi mfukoni, kuliko kwa siku ya msiba. Na mwaka 2027 mashindano ya AFCON yamepangwa kufanyika kwetu, Kenya na Uganda. Mwataka kuniambia vijana hawa watakaa nyumbani?

Nimalize habari yangu. Mwaka 2024 nilikwenda tena. Nilimpigia dada simu mwezi mzima kabla, si kumwomba kitanda, ila kumwomba anitazamie gesti. Alinipatia chumba Chang'ombe, chumba safi, kwa shilingi 20,000, mwendo wa miguu hadi uwanjani. Nilifika Ijumaa mchana kwa treni. Jioni nikaenda Tandika na nusu gunia la mchele wa kwetu begani. Wamekwisha kuhama, sasa wana vyumba vitatu na choo chao. Binti yule, ambaye madaftari yake niliyafanya pahali pa kuwekea kofia, alinifungulia mlango. Amekuwa mkubwa, anasoma uuguzi. Shemeji alikaanga samaki mwenyewe, akanichagulia kipande cha kichwa.

Nilipoinuka kuaga, dada alisema kwa mshangao: "Hulali?" Nikamwambia kitanda changu ninacho Chang'ombe, kama alivyojua mwenyewe. Alinisindikiza hadi barabarani. Tuliposimama kungoja bajaji akacheka, akasema:

"Unajua, leo ndiyo mara ya kwanza umekuja kunitembelea. Mara ile ulikuja kulala."

Vijana wangu watatu, natumaini mmesoma mpaka hapa. Njooni ofisini Jumamosi na daftari. Tutaandika karatasi zenu pamoja, na kabla hamjatoka mlangoni nataka nisikie mmepiga simu kwa huyo ndugu. Watani zangu wa Yanga nao karibuni; mashauri ni yale yale, ila rangi ya jezi tu ndiyo sitawasaidia.

Kwaherini hadi juma lijalo.